Siku Niliyopima Maziwa kwa Kipimo cha Udongo

Kuna aibu ambayo miaka ikipita inageuka kichekesho, na kuna hii yangu, ambayo kila nikijaribu kuisimulia kwa kucheka naishia kutazama chini. Jamaa zangu hapa Ihanda wanaijua nusu yake tu, ile ya maziwa, na wameifanyia utani mpaka wameichosha (nikipita wanakunywa chai lazima mmoja aseme "mpeni Projestus aipime kwanza"). Nusu nyingine, ya miche ya mama mkwe, huwa siimalizii. Wanacheka, mimi natafuta sababu ya kuondoka. Leo acha niimalize.

Mimi ni mkulima wa kawaida, kahawa na migomba kama wenzangu, isipokuwa nilifika kidato cha nne na nikafaulu Kemia, jambo ambalo kwa bahati mbaya sikulisahau wala sikuwaacha watu walisahau. Ukiwa na betri ya simu imevimba, niite mimi. Ukitaka kujua sabuni gani inatoa doa la ndizi, niite mimi, nitakueleza kwa dakika ishirini na doa litabaki pale pale. Ndiyo maana Ma Leokadia, mama mzazi wa mke wangu Justina, alipotaka kupimiwa udongo hakumtafuta mtu mwingine.

Ma Leokadia anakaa Kimuli, kule Kyerwa, peke yake tangu baba mkwe afariki. Kahawa yao yote ya zamani ilikufa kwa mnyauko, mti mmoja baada ya mwingine. Aliing'oa, akaichoma, akakaa misimu kadhaa kibanja cha nyumbani kikiwa na migomba na maharage tu, kisha akapata miche midogo ya kahawa ya aina inayovumilia ule ugonjwa, akaipanda kwenye viriba mia nne, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea, na kuijengea kivuli cha nyasi kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Akampigia Justina simu: "Mwambie mkwe wangu aje aniangalizie udongo. Nasikia siku hizi wanapima uchachu."

Kwa asiyejua, udongo ukizidi uchachu kahawa haipati chakula hata ukiiwekea samadi kiasi gani, na dawa yake ni chokaa. Lakini chokaa nayo ikizidi, ni balaa la upande wa pili. Vipimo vinasoma namba: saba ndiyo katikati, chini ya hapo ni uchachu, juu ni chokaa, na kahawa inapenda kukaa kwenye sita hivi au pungufu kidogo. Hayo nilikuwa nayajua. Ni kipimo chenyewe ambacho nilikuwa sijawahi kukishika.

Nikaenda Omurushaka, kwenye duka la pembejeo la Bi Zuhura. Huyu mama asili ya wazazi wake ni pwani, na mpaka leo ana ile namna yao ya kuongea taratibu kana kwamba hakuna mteja mwingine duniani, ingawa siku hiyo nyuma yangu walikuwepo kama watano, mmoja wao niliyesoma naye darasa moja.

"Shikamoo Bi Zuhura. Nataka kipimo cha uchachu wa udongo."

"Marahaba mwanangu. Vipo vya namna tatu."

Akavipanga mbele yangu. Cha kwanza, kipakti cha vikaratasi: unakoroga udongo na maji safi, unauacha utulie, unachovya kikaratasi kwenye maji ya juu, unalinganisha rangi na ile iliyochorwa kwenye pakti. Cha pili kilikuwa na miguu miwili ya chuma na mshale juu, na hicho mwenyewe akakisukuma pembeni ("hiki simuuzii mtu ninayemjua," alisema). Cha tatu kilikuwa kama kalamu nene, kina kifuniko, kina kioo kidogo kinachoandika namba, kimelala kwenye boksi lake zuri pamoja na vipakti viwili vya unga na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane.

"Chukua vikaratasi," alisema Bi Zuhura. "Haviandiki namba kamili, lakini havidanganyi. Hiki cha namba ni kizuri, ila chataka matunzo. Chataka kufunzwa kwanza kwa maji ya huu unga, ndipo kisome sawa. Wajua kukitumia?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kama ningesema sijui, yule mama angenieleza, yeye hana haraka hata siku moja. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu, na yule niliyesoma naye alikuwa ananisikiliza, na mimi ndiye niliyefaulu Kemia.

"Najua," nikasema.

Vile vipakti vya unga nikamrudishia. Naapa, nilidhani ni kama vile vipakti wanavyotia kwenye maboksi ya viatu kuzuia unyevu, na nikaona nikiondoka navyo nitaonekana mshamba. Bi Zuhura akanitazama, akafungua mdomo, mteja mwingine akauliza bei ya dawa ya mahindi, basi. Karatasi ya maelezo niliitia mfuko wa suruali, Justina akaifua pamoja na suruali.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kimuli. Kwa mama mkwe, mnajua wenyewe, hukai hovyo, unasalimia ukiwa umeinama, unakaa mbali kidogo, unaongea kwa kupimapima maneno. Nilipotoa ile kalamu nikasahau adabu hiyo yote. Nikaenda moja kwa moja kwenye viriba, nikavua kifuniko, nikaichoma kwenye udongo mkavu kama mtu anayechoma kiazi kuona kama kimeiva. Nikasikia kitu kidogo, *tik*, kama jiwe. Sikujali. Kwenye kioo ikaandika nne nukta sita. Nikahamia kiriba kingine: nne nukta tano. Cha tatu: nne nukta sita. Nikafurahi jinsi mashine ilivyokuwa na msimamo.

"Mama," nikasema, "udongo una uchachu mkali sana. Unahitaji chokaa."

"Kiasi gani, baba?"

"Nusu konzi kila kiriba, uchanganye vizuri." (Nusu konzi! Kwenye kiriba kinachobeba udongo wa kujaza kopo moja! Niliitoa wapi namba hiyo, Mungu ndiye anayejua.)

Ma Leokadia akaelekeza mkono upande wa pili wa uzio. "Udongo huu niliuchota pale penye maharage. Mbona maharage yangu yanastawi? Kwenye uchachu maharage hayakubali, sisi tangu utoto tunajua."

Nikacheka, kicheko kile cha mtu aliyesoma. "Mama, uchachu hauonekani kwa macho. Ndiyo maana kuna mashine."

"Haya. Wewe ndiye unayejua," akasema, na kesho yake akaanza kutia chokaa, kiriba kimoja kimoja, mia nne, akiwa amepiga magoti.

Baada ya wiki tatu Justina akaniambia mama amepiga simu, majani yanapauka. Nilikuwa napalilia, sikuinua hata kichwa. Nikasema uchachu ni mwingi, chokaa haijatosha, mwambie aongeze kidogo. Baada ya wiki nyingine mbili akapiga tena. Nikasema aongeze tena. Sikwenda kuona. Ni mwendo wa asubuhi moja tu, na sikwenda. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, maana la dukani lilikuwa la ujinga, hili lilikuwa la uvivu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, karibu na kuanza kwa mvua, na Ma Leokadia alikuwa amewaalika watu wa jumuiya yake baada ya ibada. Kumbe alikuwa ameahidi miche kwa familia tano ambazo nazo kahawa yao ilikufa kwa mnyauko. Alitaka waje waione, wakubaliane nani achukue mingapi. Alikuwa amepika ndizi na maharage, amepata rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya wazee, na amemwalika hata bwana shamba wa kata, kijana mpole aliyekaa nyuma kabisa na begi lake magotini. Mimi na Justina tulifika watu wakiwa tayari wamejaa uani, kama arobaini hivi.

Ma Leokadia akanitambulisha. "Huyu ndiye mkwe wangu mwenye mashine." Watu wakapiga makofi. Halafu tukaenda kwenye kitalu, na makofi yakafia njiani.

Miche ilikuwa ya manjano. Si kupauka, manjano, na mishipa tu ya majani ndiyo imebaki kijani, na mingine imedumaa urefu ule ule niliouacha. Mama mmoja akasema polepole, "Waitu, jamani, hii inaumwa." Nikaona Ma Leokadia ananitazama, si kwa lawama, kwa kungoja tu, kama mtu anayengoja daktari aseme neno.

Na mimi, badala ya kusema sielewi, nikatoa kalamu.

Nikaichoma kwenye kiriba. Nne nukta sita. Nikaiinua juu watu waione. "Mnaona? Pamoja na chokaa yote, bado uchachu uko pale pale. Udongo wa hapa ni mkaidi. Tutaongeza." Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikajisikia nimeponea.

Ma Leokadia naye, ili kunipa moyo (naamini ilikuwa hivyo), akasema kwa sauti, "Hiyo mashine hupima kila kitu. Mkwe wangu, hebu wapimie na maziwa waone."

Maziwa yalikuwa yameletwa na Ta Kahangi, mfugaji wa kule mbugani, mzee mrefu ambaye anawajua ng'ombe wake kwa majina na ukimtaja mmoja wao vibaya ni kama umemtaja binti yake. Akamimina kwenye kikombe. Nikachovya. Nne nukta sita.

Ningeweza kunyamaza. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nilikumbuka kitu kimoja cha kweli: maziwa yakifika hapo yanaganda. Nikajikuta nikisema, "Ta Kahangi, samahani, maziwa yako yameanza kuchacha."

Ta Kahangi akakichukua kile kikombe mkononi mwangu taratibu, akanywa nusu, akampa mzee aliyekuwa kando yake. Yule akanywa, akampa mwingine. Watatu, wanne. Hakuna aliyekunja uso.

"Nimekamua asubuhi hii," alisema Ta Kahangi. "Kijana, hebu pima maji."

Wakaleta maji ya mvua. Nikachovya. Nne nukta sita.

"Pima majivu," akasema mama mmoja, na kabla sijajibu akawa ameshakoroga majivu ya jikoni kwenye bakuli la maji. Majivu, jamani, ambayo hata mtoto aliyeona mboga ngumu ikilainishwa kwa maji yake anajua ni kinyume kabisa cha uchachu. Nikachovya. Nne nukta saba.

"Afadhali majivu yamepata saba!" mtu akasema huko nyuma, na hapo uani pakalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mmoja akatoa rubisi ipimwe, mwingine akatoa kidole. Na mimi nilikuwa nacheka pia, ndiyo, nacheka huku jasho linanitoka, nikitumaini tutacheka hivyo mpaka jioni twende nyumbani.

Bwana shamba alikuwa hacheki. Akaja, akaomba kalamu, akaigeuza kwenye mwanga akitazama ncha yake.

"Hapa kuna kijitufe cha kioo," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mimi peke yangu. "Kimepasuka, ndiyo maana kila mahali inasoma karibu namba ile ile. Uliichoma kwenye udongo mkavu?"

"Ndiyo."

"Hii hutiwa kwenye maji ya udongo, kaka, haichomwi ardhini. Na ulipoinunua, uliifunza kwa ule unga?"

Nikatazama ile ncha. Akaona, akaacha kuuliza. Akafungua begi, akatoa pakti ya vikaratasi, vile vile vya Bi Zuhura. Akakoroga udongo wa kiriba kwenye kikombe, tukangoja watu wote, akachovya. Kikaratasi kikageuka rangi ya bluu. Akakiweka kwenye pakti kulinganisha. "Nane," akasema. Kisha akaenda pembeni ambako lilibaki rundo la ule udongo wa mwanzo, ambao haujatiwa chokaa. Akakoroga, akangoja, akachovya.

"Sita. Mama, udongo wako ulikuwa mzuri. Haukuhitaji chochote."

Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Wale watu wa familia tano walikuwa wamesimama pamoja, na mmoja wao, baba wa makamo, aliinama akagusa jani la mche mmoja, akaliachia.

Ma Leokadia hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alimwuliza bwana shamba, si mimi, "Kwa hiyo maharage yangu yalikuwa yanasema kweli?"

"Yalikuwa yanasema kweli, mama."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akageuka, akaingia jikoni, akaanza kuwapakulia wageni. Na mimi akaniletea sahani yangu pale nilipokaa, kwa adabu ile ile ya siku zote, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Nilikaa na ile sahani mpaka ndizi zikapoa na kukauka juu.

Tuliondoka mapema. Mimi na Justina tukafika Omurushaka kubadili pikipiki. Pale stendi ndipo aliponiambia, akitazama barabara: "Mama hakukuomba mashine. Alikuomba uje uangalie." Halafu akapanda pikipiki ya mbele, mimi nikapanda ya nyuma.

Bwana shamba alijitahidi. Yeye, Ma Leokadia na mimi (niliomba niwepo, wakanikubalia) tulihamisha miche kwenye udongo mpya siku tatu mfululizo, tukiosha mizizi kwa maji ya ndoo. Mizizi yenyewe ilikuwa michache, ya kahawia. Ikapona thelathini na kitu, na ile iliyopona ilikuwa dhaifu, haikuwa ya kupandwa msimu ule. Mvua zikaja, zikanyesha vizuri tu, zikaisha. Familia mbili zilipata miche kwingine. Tatu hazikupata. Ile thelathini nayo ikaendelea kupungua mpaka Ma Leokadia akaacha kuihesabu.

Nilirudi kwa Bi Zuhura kununua vikaratasi. Nilimweleza kila kitu mbele ya wateja waliokuwepo. Hakucheka. Alisema, "Nilitaka kukuambia siku ile, mwanangu, nikaona wajiamini." Akaniuzia.

Msimu uliofuata nikaotesha miche mia nne mwenyewe hapa Ihanda, udongo nikiupima kwa vikaratasi na kumwita jirani yangu ahakikishe rangi ninayoiona ndiyo anayoiona yeye. Ilistawi. Nikakodi gari dogo, nikaipeleka Kimuli, nikaishusha uani, nikasimama mbali nikingoja. Nilidhani atafurahi. Ma Leokadia alizunguka viriba vyote akiwa na fimbo, ambayo mwaka uliotangulia hakuwa nayo. Aliinama akachagua mmoja, akauweka pembeni, halafu mwingine, polepole, mpaka ikafika kumi na mmoja.

"Hii inanitosha," alisema. "Iliyobaki wapelekee wale watatu waliokosa."

"Mama, shamba lako ni kubwa. Nitakuja kulima mimi."

"Najua utakuja, baba. Lakini kahawa ni miaka mitatu mpaka uichume, na mimi mwaka mmoja umeshapita. Hii kumi na mmoja ndiyo ninayoweza kuingojea."

Nilichimba mashimo kumi na moja. Kabla ya kila shimo alichukua udongo kidogo, akausugua kwenye kiganja, akaniambia chimba au sogea, na mimi nilichimba au nilisogea. Baadaye nikazunguka nyumba zile tatu na miche iliyobaki, nikisalimia kila mlangoni, nikieleza mimi ni nani ingawa wote walikuwa wananijua, na kule kwa yule baba wa makamo nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, na mkewe akatoka akauliza kama miche hii imetiwa chokaa.

Nimeapa sitampimia tena mtu kitu chochote cha maisha yake kabla sijamwuliza yeye anaona nini, na akinijibu nitanyamaza nimsikilize mpaka amalize. Ni kiapo kidogo, na kimechelewa. Sehemu kubwa ya kibanja cha Ma Leokadia, pale palipotakiwa kuwa na kahawa, mwaka huu amepanda viazi vitamu.